Tatizo sio dirisha, ni herufi M



Najua nimeadimika. Wiki mbili bila kuandika kitu, mpaka kuna wadau wameanza kuuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Nilikuwa kwenye foleni. Na leo naandika kuhusu foleni hiyo hiyo, ila nitaisogeza kidogo mpaka ifike kwenye kompyuta. Wale wenzangu wa Fasihi msikimbie, nitaeleza taratibu kama ninavyotakiwa kueleza nikiwa mbele ya darasa.

Mnaikumbuka siku ya kusaini bumu. Ofisi moja (siitaji, msinitafutie kesi) ilitandika madirisha manne: A hadi F, G hadi L, M hadi R, S hadi Z. Kwenye karatasi inapendeza kweli. Herufi sita, sita, sita, nane. Aliyepanga lazima alilala usingizi mzuri usiku ule akijua ametenda haki.

Sasa mimi jina langu la ukoo linaanza na M. Jamani, Tanzania hii nani hana ndugu wa herufi M? Kina Massawe, Mushi, Mosha, Minja na Mrema wote walikuwa foleni ile. Kina Mwakyusa na Mwaipopo, yaani ukoo mzima wa Mwa-, pale pale. Masanja na Maganga. Mohamed, Mussa, Mustafa. Halafu juu yake wanaongezewa kina Ng' na kina Ny, maana N nayo iko kwenye dirisha letu. Foleni ilitoka nje ya jengo, ikapita kwenye mwarobaini, ikakata kona.

Nilifika saa 1 asubuhi. Ilipofika saa 5 dada wa dirisha la S hadi Z alikuwa ameshamaliza watu wake, anakunywa chai na chapati, anatuangalia. Saa 10 jioni dirisha letu likafungwa nikiwa na watu kama thelathini mbele yangu. "Rudini wiki ijayo." Wiki ile nzima nilikula kwa daftari la mama ntilie. Mwenzangu wa chumbani, ambaye jina lake linaanza na Z, alisaini saa 3 asubuhi na jioni alikuwa anakula chipsi kuku mbele yangu bila aibu.

Usiku tukabishana chumbani. Jamaa mmoja anayesoma kompyuta akasema dawa ni rahisi, waongeze dirisha la tano. Nikamwambia, dirisha la tano ukilipa herufi W hadi Z, mimi M nimepona nini? Yule dada atapata mwenzake wa kunywa naye chai, basi. Jamaa akacheka, akaniambia bila kujua nimegusa kitu ambacho wao wanakisoma semista nzima: namna ya kuigawa hifadhidata kubwa kwenye seva nyingi. Toka siku ile nimekuwa nasoma hayo mambo kuliko ninavyosoma koswaki yangu, na nimefika mahali nina msimamo. Msimamo wangu ni huu: anayegawa data kwa kuangalia idadi ya mashine amekosea kabla hajaanza. Unagawa kwa kuangalia maswali ambayo watu watakuja kuuliza. Nitautetea.

Kwanza, kugawa ni nini

Data ikizidi uwezo wa seva moja unaikata vipande, kila kipande kinakaa kwenye seva yake. Kipande kimoja kinaitwa shadi. Ili kujua mstari fulani wa jedwali uende shadi ipi, unachagua sehemu moja ya huo mstari iwe ndo kigezo: jina, namba ya usajili, tarehe, chochote. Hicho kigezo tukiite ufunguo wa mgawanyo. Kwenye foleni yetu ufunguo ulikuwa herufi ya kwanza ya jina, na mgawanyo ulikuwa wa masafa, yaani kutoka herufi hii mpaka ile.

Mgawanyo wa masafa una uzuri wake, tusiuonee. Ukitaka majina yote kutoka Ma mpaka Mb unaenda dirisha moja tu na yamepangana. Ubaya wake ni kwamba majina ya watu hayajui kwamba alfabeti inatakiwa kugawanyika sawa.

Basi mtu atasema tumia namba ya usajili. Sawa, lakini angalia: namba za vyuo vingi zinaanza na mwaka. Ukigawa kwa masafa ya namba, wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza wanaangukia shadi ya mwisho. Wiki ya usajili shadi hiyo inawaka moto, ile ya waliomaliza miaka mitatu iliyopita inasinzia. Wenye hifadhidata ya MongoDB wanalijua hili vizuri. Kitambulisho chake cha kawaida cha kila waraka kinaanza na muda ambao waraka uliundwa, kwa hiyo ukikitumia kama ufunguo wa masafa, kila kipya kinaenda mlango ule ule wa mwisho. Una seva kumi, inayoandikwa ni moja.

Njia ya pili ni heshi. Unachukua namba, unaipitisha kwenye hesabu inayoivuruga, jibu lake ndo linasema uende dirisha gani. Kwa kibongobongo, angalia tarakimu ya mwisho ya namba ya usajili: 0 dirisha la kwanza, 1 la pili, mpaka 9. Namba zinatolewa kwa mfuatano, kwa hiyo madirisha kumi yanapata watu karibu sawa. Mwenye M na mwenye Z wote wanasubiri sawa. Siku ile wangefanya hivi, mimi ningekula chipsi.

Ila hapa ndo wengi wanapoishia, na mimi nasema hapa ndo swali linapoanza.

Swali la CR wetu

CR wetu anakuja anataka orodha ya darasa lote, nani kasaini na nani bado. Kwenye mgawanyo wa tarakimu ya mwisho, darasa letu limetawanyika madirisha yote kumi. Lazima azunguke yote, na orodha yake haikamiliki mpaka dirisha la polepole kuliko yote limjibu. Fanya hesabu ndogo. Kila dirisha likiwa na nafasi 1 kati ya 100 ya kuchelewa, ukiuliza moja unachelewa mara moja moja. Ukiuliza kumi, nafasi ya kukutana na angalau moja lililochelewa ni karibu 1 kati ya 10. Ukiuliza 100 inafika asilimia 63. Hii asilimia 63 ni mfano maarufu kutoka kwenye makala ya Jeffrey Dean na Luiz Barroso wa Google ya mwaka 2013. Seva 100 zilizo nzuri, kila moja ikichelewa kwa nadra, zinakupa huduma inayochelewa zaidi ya nusu ya mara zote.

Kwa hiyo usawa wa foleni sio kila kitu. Usawa unamfurahisha anayesaini, unamtesa anayehesabu.

Chukua matokeo ya mitihani. Kila mstari una mwanafunzi, kozi na alama. Maswali makubwa ni mawili. Mimi nauliza "nionyeshe matokeo yangu yote". Mhadhiri anauliza "nionyeshe alama zote za kozi yangu". Ukigawa kwa mwanafunzi, ukurasa wangu wote uko shadi moja na unafunguka haraka, mhadhiri anazunguka kila mahali. Ukigawa kwa kozi, mhadhiri anafurahi, mimi nazunguka. Na kuna baya jingine: zipo kozi za lazima ambazo chuo kizima kinasoma, na zipo zenye watu tisa. Shadi ya kozi ya lazima inavimba, ya watu tisa inapunga upepo. Herufi M imerudi, imevaa shati jingine tu.

Hakuna ufunguo utakaomridhisha mimi na mhadhiri kwa pamoja. Lazima useme nani anauliza mara nyingi zaidi na nani anaweza kusubiri. Huo ni uamuzi kuhusu watu, na mashine haiwezi kukuamulia.

Facebook waliipata, halafu dunia ikabadilika

Mfano ninaoupenda umetoka chuoni kama kwetu. Facebook ilianza tarehe 4 Februari 2004 pale Harvard. Walipopanua kwenda Columbia, Stanford na Yale, kila chuo kilipewa hifadhidata yake. Wengi wanaona ni ujanja wa watoto wasio na hela. Mimi naona walikuwa sahihi kabisa, kwa sababu kipindi kile mtu wa Harvard alikuwa anawaangalia watu wa Harvard. Karibu kila swali lilikuwa linaanzia na kuishia ndani ya chuo kimoja. Chuo kipya kikija, unaongeza hifadhidata mpya, ya zamani haisumbuliwi. Mgawanyo ulifanana na maisha ya watumiaji.

Halafu maisha yakabadilika. Watu wakataka marafiki wa vyuo vingine, shule za sekondari zikaingizwa mwaka 2005, na Septemba 2006 mlango ukafunguliwa kwa yeyote mwenye miaka 13 na kuendelea na barua pepe. Chuo hakikuwa mpaka tena. Urafiki mmoja sasa una ncha mbili ambazo ziko shadi mbili tofauti.

Walichofanya baadaye wamekieleza wenyewe kwenye makala ya mwaka 2013 kuhusu mfumo wao uitwao TAO. Kila kitu, mtu au picha, kina namba, na ndani ya namba hiyo imefichwa namba ya shadi yake. Uhusiano unakaa kwenye shadi ya yule unakoanzia. Asha akiwa rafiki wa Juma, inaandikwa mara mbili: Asha kwenda Juma kwenye shadi ya Asha, Juma kwenda Asha kwenye shadi ya Juma. Kwa njia hii orodha ya marafiki wa Asha iko sehemu moja na ya Juma vivyo hivyo. Bei yake? Maandishi hayo mawili hayafungwi pamoja. Seva ikianguka katikati, Asha anaweza kuwa na urafiki na Juma wakati Juma hana habari. Wameweka kazi maalum inayopita nyuma kurekebisha urafiki wa upande mmoja. (Ningependa huduma hiyo iwepo pia kwenye maisha ya hosteli.)

Hiyo ndo dawa ya mimi na mhadhiri pia: andika matokeo mara mbili, moja kwa mwanafunzi na moja kwa kozi. Lakini ukubali kwamba kuna dakika ambazo karatasi yangu inasema B na ya mhadhiri inasema B+. Kwenye urafiki hilo linavumilika. Kwenye matokeo ya mtu anayesubiri kujua kama ana sapu, mimi siamini kama linavumilika. Ndo maana nasema huwezi kuiga mfumo wa Facebook kwa sababu tu ni wa Facebook.

Usawa wa watu sio usawa wa mzigo

Kuna kisa kingine kinachofundisha. Foursquare, ule mtandao wa kujiandikisha mahali ulipo, tarehe 4 Oktoba 2010 ulilala kwa takriban saa 11 mfululizo. Walikuwa na shadi mbili za MongoDB, kila moja kwenye mashine yenye gigabaiti 66 za memori, na ufunguo wao ulikuwa mtumiaji. Lakini data haikukua sawa. Shadi moja ilifika kama gigabaiti 67, nyingine ilikuwa kama 50. Hiyo gigabaiti moja ya ziada ilitosha: data haikuenea kwenye memori, mashine ikaanza kukimbilia diski kila mara, foleni ikajazana. Wakaongeza shadi ya tatu, wakahamishia huko kama asilimia 5 ya data. Haikusaidia, kwa sababu vilivyohamishwa vilikuwa vidogo vidogo vilivyotapakaa, vikaacha matundu ambayo memori haikuweza kuyatumia mpaka data ipangwe upya.

Nimwambie nini jamaa wa dirisha la tano? Hicho ndo kilimpata Foursquare. Aliongeza dirisha foleni ikiwa imeshapita mwarobaini.

Na ukitumia ile hesabu rahisi ya kugawanya na kuchukua baki, kuongeza dirisha ni balaa zaidi. Chukua namba 1 hadi 20, zigawe kwa 4, andika baki. Sasa zigawe kwa 5. Zitakazobaki na baki lile lile ni 1, 2, 3 na 20 tu. Nne kati ya ishirini! Asilimia 80 ya watu wamehamishwa dirisha kwa sababu umeongeza moja. Mwaka 1997 David Karger na wenzake wa MIT walitoa njia ya kuweka seva kama kwenye duara, ili seva mpya ikija ichukue sehemu yake tu, kwenye mfano wetu kama moja ya tano, na wengine wasiguswe. Njia nyingine, ambayo mimi naiona nyepesi kufundisha, ni ya Instagram. Walitengeneza shadi nyingi za kufikirika, maelfu, kwenye seva chache za PostgreSQL. Namba ya kila picha ina biti 64: 41 za muda, 13 za shadi, 10 za mfuatano. Biti 13 zinakupa nafasi ya shadi 8,192 hata kama leo una seva tano. Ukinunua ya sita unahamisha baadhi ya shadi nzima nzima, na picha haibadilishi namba yake. Ni kama kugawa wanafunzi kwenye makundi ya semina toka siku ya kwanza: makundi yanahama ukumbi, mtu habadilishi kundi.

Na wakati mwingine ufunguo mmoja hautoshi. Discord, kwenye makala yao ya 2017, walieleza kwamba ujumbe wa chaneli moja ukiuweka wote kwenye kipande kimoja kinavimba bila mwisho. Basi wakaunganisha vitu viwili: chaneli pamoja na kipindi cha siku 10. Walichagua siku 10 baada ya kuangalia chaneli zao kubwa na kuona hapo hawavuki megabaiti 100. Fikiria grupu la darasa letu. Nani anasoma ujumbe wa semista iliyopita? Watu wanasoma wa leo na jana, na huo wote uko kipande kimoja, kidogo. Hapo mtu aliangalia watu wanavyosoma, kisha akagawa. Ndo ninachokisema toka juu.

Na sisi?

Najua mtakachouliza. Siku ya matokeo mfumo unaganda, kila mtu anaburudisha ukurasa kama mwendawazimu, na jamaa wa kompyuta wanasema data imekuwa nyingi, igawanywe. Tufanye hesabu. Chuo chenye wanafunzi 40,000, kila mmoja akimaliza na kozi 40, ni mistari 1,600,000. Mstari mmoja hauzidi baiti mia moja mbili hivi. Hata ukiwa mkarimu, hizo ni megabaiti 320. Zinaenea kwenye flashi ya shingoni mwako na unabaki na nafasi ya miziki. Hifadhidata moja kwenye seva moja ya kawaida inalimudu hilo. Kinachoganda siku ile ni watu elfu kadhaa kuuliza dakika ile ile jibu ambalo halibadiliki, na hilo lina dawa nyingine: nakala za kusomea, kuhifadhi kurasa zilizokwisha andaliwa, au hata kutoa matokeo kitivo kwa kitivo. Kugawa ni dawa kali yenye madhara yake, humpi mgonjwa wa mafua.

Kwa hiyo msimamo wangu una ncha mbili. Usigawe mpaka ulazimike. Ukilazimika, kabla ya kuhesabu seva andika kwenye karatasi maswali matano ambayo watu watauliza kila siku, na uandike nani atazungushwa ili nani apite haraka. Mtu huyo mtaje. Ukimficha, atajitokeza mwenyewe saa 10 jioni mbele ya dirisha lililofungwa.

Maana mimi sikuchukia dirisha, wala yule dada wa chai. Yeye alifanya kazi yake vizuri na haraka. Nilichokichukia ni kwamba aliyekata alfabeti hakuwahi kufikiri ni nani yuko ndani ya herufi zile, na wala hakusimama foleni akaona. Majina yetu yote alikuwa nayo kwenye orodha. Nusu saa ya kuhesabu ingetosha.

Nikimaliza hapa nitakwenda kufundisha, na siku ya kwanza ya somo hili sitaanza na kompyuta. Nitawapanga wanafunzi foleni kwa herufi za majina yao, niwaache wasimame dakika kumi. Wa M watanielewa bila mimi kuongea.

Haya wadau, nimemaliza. Deni la mama ntilie nimeshalipa, msinichangie. Wa Z wenye kujitetea, uwanja wa maoni uko hapo chini. Na kama chuo chenu wanagawa foleni kwa akili kuliko kwetu, nielezeni wanafanyaje, nataka kujua kweli.

Alamsiki.